Saa Elfu Tatu za Vukašin

Kwa hesabu yake mwenyewe, Vukašin alikuwa ameshasikiliza saa elfu tatu na mia nne za mahojiano marefu kwenye simu, na hakuna hata moja aliloliacha kabla ya mwisho. Hilo alilisema dukani, alilisema kanisani, na mara moja alilisema mazishini, akiwa amebeba jeneza upande wa mbele. Umri wake ulikuwa miaka ishirini na minne. Mtu akitaja pweza, Vukašin anadakia: "Ana mioyo mitatu!" Akitaja daraja: "Warumi walitia majivu ya volkano kwenye zege!" Akitaja kikohozi, wenye kikohozi waliondoka wenyewe.

Ila ukimuuliza mioyo mitatu ni ya nini, ghafla alikumbuka kuna kitu amekibandika jikoni.

Duniani alitaka kitu kimoja tu: kibanda cha ami yake Gvozden cha kukaushia nyama kwa moshi. Alitaka kukigeuza studio, aanzishe mahojiano yake, marefu kuliko ya watu wote wa upande wa mji wa Čačak. Alikuwa ameshaingia mle mara nyingi, akapiga makofi, akatega sikio.

"Ami, sauti haivumi hata kidogo. Hizi mbavu za nguruwe zinameza mwangwi."

"Mbavu zinameza mwangwi," alijibu ami Gvozden, "na wewe unameza mbavu. Mwezi uliopita zilikuwa kumi na nne."

Mambo yangebaki hapo kama si jicho. Ami Gvozden alikuwa na miadi na daktari wa macho mjini, miadi aliyoingoja miezi kumi na moja, nayo ikaangukia siku ileile ya zamu yake ya mtambo wa kupikia rakija, pombe kali ya matunda ya plamu. Mtambo ni wa kijiji kizima. Ukiruka zamu yako, unasubiri mpaka theluji ianguke, na plamu hazimsubiri mtu. Na bila rakija ya nyumbani, siku ya mtakatifu wa ukoo utauweka wapi uso? Siku hiyo wageni hawaalikwi, wanakuja tu. Mwaka jana walikuja sitini na wawili, na wa kwanza aliingia mwenye nyumba akiwa bado anatafuta suruali.

"Nipe mimi, ami," Vukašin alisema. "Nimemsikiliza profesa wa rakija mwenyewe. Saa tatu na dakika hamsini!"

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka alipoagwa!"

Ami akamtazama kwa jicho zima, maana lile lingine ndilo lililokuwa na safari.

"Ikitoka nzuri, kibanda chako. Ikiharibika, utasimama mlangoni wewe, na kila mgeni utamweleza wewe kwa nini Gvozden anamkaribisha kwa maji ya matunda ya dukani."

Basi asubuhi Vukašin akawasha moto kwenye banda la ami, mtambo ulikoletwa. Uji wa plamu uliochacha ulikuwa tayari ndani ya chungu cha shaba, mfuniko wake uko juu, bomba linapita kwenye pipa la maji baridi. Akavaa hedifoni, akamfungulia profesa wake.

"Kinachotangulia kutoka ni kichwa," alisema profesa. "Kinanuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Kimwage, usikionee huruma. Kinachofuata ni moyo, ndiyo rakija yenyewe. Mwisho ni mkia, maji matupu yenye majuto. Sasa, mtu atajuaje kichwa kimeisha? Hapo ndipo..."

Hiyo ilikuwa dakika ya ishirini na moja, na kidole cha Vukašin kilikuwa kimesharuka kwenda kwa mtu anayetengeneza kengele za makanisa. Hakukituma. Kilikuwa kimezoea. Kila mgeni wa mahojiano akifika dakika ya ishirini, kidole kinawasha. Zile saa elfu tatu na mia nne zilikuwa saa zilizoandikwa kwenye mahojiano, siyo zilizoingia masikioni. Vukašin aliijua dunia kama mtu aliyehudhuria harusi elfu moja, na zote akaondoka kabla ya chakula.

Kichwa akakimwaga kwenye mfereji wa bati unaotoka bandani, unaopita chini ya uzio na kuishia kwa jirani, bibi Desanka. Kengele zikamchosha, akaenda kwa mama anayehesabu mbayuwayu. Mtungi uliokinga mdomo wa bomba ukajaa, akamwaga. Akaenda kwa mpishi wa nyambizi. Akamwaga. Ilipofika saa sita mchana, kilichokuwa kikitiririka kilinukia plamu mpaka nyigu wakapanga foleni. Vukašin akatikisa kichwa chake kwa heshima. Hajawahi kuona kichwa kikubwa namna hii.

"Vukašin! Mjukuu wangu!" iliita sauti ya bibi Desanka ng'ambo ya uzio, alikokuwa akichoma pilipili hoho za akiba ya majira ya baridi. "Unamwaga nini huko?"

"Kichwa, bibi!"

"Bado kichwa? Tangu asubuhi?"

"Plamu za mwaka huu zina vichwa vikubwa!"

"Si plamu peke yake," alisema bibi.

Kisha ukasikika mlio wa ndoo ikitua kwenye bati.

"Nini hicho, bibi?"

"Mvua, mjukuu."

Vukašin akatazama juu. Mbingu ilikuwa buluu kama sahani. Lakini mpishi wa nyambizi alikuwa anaeleza jinsi ya kukaanga vitunguu chini ya bahari bila adui kusikia harufu, na mtu hawezi kushughulikia kila kitu.

Saa kumi ami Gvozden akarudi, plasta jichoni, akachovya kikombe kwenye chombo cha rakija mpya, akanywa. Akakiinamisha kikombe, akachungulia ndani.

"Hii," alisema hatimaye, "ni maji waliyooga plamu."

Vukašin akatazama mlango wa mbele wa banda. Akatazama na wa nyuma.

"Upepo, ami," alisema kwa sauti ya msiba. "Milango yote miwili ilikuwa wazi. Ukapita katikati, ukalipiga bomba ubavuni."

Hapo alijua anachokifanya. Hakuna mtu upande ule anayebishana na upepo wa milango miwili. Unapinda shingo, unakausha maziwa ya mama, na shemeji wa ami uliwahi kumlaza kitandani wiki mbili kwa sababu ya dirisha moja la basi. Ami Gvozden akavua kofia.

"Milango yote miwili?"

"Yote, ami. Nilishindwa hata kulia."

"Maskini mwanangu. Na wewe hukupigwa? Geuza shingo tuone."

Vukašin alikuwa anageuza shingo, taratibu, kwa maumivu ya kupendeza, ndipo toroli likaingia. Nyuma yake alikuwa bibi Desanka, vidole vyeusi kwa masizi ya pilipili, simu ikining'inia shingoni kwa uzi wa sufu. Kwenye toroli kulikuwa na madumu mawili.

"Gvozden, moyo wa rakija yako huu hapa. Lita kumi na nane. Bata niliwafungia, mfereji nilishausugua jana, usiniulize."

Ami akaonja. Chozi likatoka, tena kwenye jicho zima.

"Upepo uliipeleka mpaka kwako?"

"Ulivuma sana, ami," alisema Vukašin.

"Mjukuu," alisema bibi Desanka, "nami namsikiliza profesa wako tangu asubuhi. Mikono ina pilipili, masikio yana nafasi. Saa ya kwanza, mtu anajisifu tu. Hicho ndicho kichwa, unakiacha kipite. Saa ya pili anakwambia anachokijua. Saa ya tatu, akishachoka kujisifu, anakwambia alichokikosea." Akamgeukia ami. "Alilia, Gvozden! Profesa mzima! Alipokuwa na miaka ishirini na minne aliachiwa mtambo na baba yake, akamwaga moyo wote akidhani ni kichwa. Unajua alimwambia nini baba yake?"

"Nini?"

"Kwamba ni upepo wa milango miwili."

Ami Gvozden akavaa kofia. Akaenda akafunga mlango wa mbele, akatia komeo. Akaenda akafunga wa nyuma. Banda likawa kimya kuliko kibanda cha mbavu.

"Haya, wewe uliyesikiliza mpaka mwisho," alisema. "Baba yake alimfanya nini?"

Vukašin akafungua mdomo. Akazipekua dakika zake ishirini za profesa, ndani yake hamkuwa na baba.

"Pweza, ami," alianza, "ana mioyo mitatu."

Bibi Desanka akapindua ndoo, akaikalia, akakunja mikono.

"Ya nini?" aliuliza.