Binti Radi Hajafa

Fundi miwani aliingia sinema Jumamosi mchana, peke yake. Sehemu ya kwanza ya filamu aliitazama na dada yake miaka kumi na mmoja nyuma, wakabishana njia nzima. Dada alishikilia kwamba shujaa wao, Binti Radi, hakufa alipoanguka kutoka mnarani. Yeye akaapa kuwa amekufa. Sehemu ya pili ikaahirishwa mwaka baada ya mwaka, hata kwa miaka kadhaa ubishi ule ukawa ndiyo salamu yao.

"Amekufa!"

"Hajafa!"

Sasa sehemu ya pili imetoka, na kumbe Binti Radi alikuwa hai. Alipotokea, ukumbi mzima ulilipuka kwa vifijo, na mzee mwenye mvi kiti cha pili akalia kwa kwikwi. Fundi alikaa mikono magotini, akingoja kitu kimpate. Hakikumpata.

Nje watazamaji walikuwa wameshagawanyika, hawa wakisifu, wale wakilalama kuwa wameuziwa mbuzi kwenye gunia. Mwanamke aliyevaa joho la Binti Radi akamgeukia. "Na wewe kaka, umeionaje?"

"Nimeiona," alijibu.

Akampigia dada yake simu. "Ulisema kweli. Hajafa."

"Nani tena huyo?"

"Binti Radi."

"Aa, ile sinema! Imetoka kumbe? Haya, tushukuru. Umekula?"

"Bado."

"Basi pitia nyumbani. Uje na bisibisi ndogo, miwani ya shemeji yako imelegea."

Akasema sawa. Alisimama kidogo pale ngazini, watu wakimpita huku na huku wakibishana, kisha akaelekea dukani kwake kuchukua bisibisi.