Funguo za Mtunza Stoo

Jumatatu saa moja asubuhi, mtunza stoo wa kiwanda cha kushona sare aliweka funguo zake kwenye mizani ya kupimia vitambaa. Zilikuwa funguo kumi na moja kwenye pete moja, na mizani ilisoma kilo sita. Ijumaa zilikuwa kilo nne. Akazirudisha kiunoni kwa mkanda wa turubai, maana ule wa ngozi ulikatika wiki iliyopita, akaenda kufungua stoo ya nyuzi na vifungo.

Chanzo hakikuwa siri. Kila asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, bosi alisimama mbele ya mafundi, akamshika mtunza stoo bega na kusema, "Huyu mama ndiye mwaminifu wangu." Kila alipolitamka neno hilo, funguo ziliongezeka uzito. Mafundi walishazoea. Aliyekuwa karibu alimsogezea mama kiti kabla bosi hajamaliza kusema.

Sheria ya pale ilikuwa moja tu: funguo anapokea bosi mwenyewe, kwa mkono wake. Kwa miaka kumi na tisa mkono huo haukuwahi kunyooshwa.

Wiki hiyo mama wa watu hakutulia. Alihesabu vifungo, akapotea, akaanza upya, akachungulia simu. Binti yake alikuwa anakaribia kujifungua mtoto wa kwanza, mwendo wa nusu siku kwa basi, naye mama alikuwa amemwambia, nitakuwepo. Bosi naye alimwahidi ruhusa tangu mwaka jana.

Jumatano simu iliita.

"Mama, uchungu umeanza. Uko wapi?"

"Nakuja, mwanangu."

Akaenda ofisini akijiburuta.

"Bosi, ile ruhusa yangu. Binti yangu kashikwa na uchungu."

"Mama yangu, wiki hii tuna sare za shule tatu. Stoo nimwachie nani? Hawa wengine siwaamini. Wewe ndiye mwaminifu."

Kigae kilipasuka chini ya miguu ya mama.

"Lakini uliniahidi."

"Najua. Ndiyo maana nakupenda, huna makuu. Mwaminifu kabisa."

Kigae cha pili kikapasuka. Bosi alivuta kiti chake nyuma kidogo.

Mama alitoka hadi getini, hatua moja moja. Mkata vitambaa, mzee asiyevua futi ya kupimia shingoni hata wakati wa kula, alimfuata.

"Dada, fungua mkanda. Ziache hapo chini, upande basi."

Akaushika mkanda.

"Wataniitaje?"

"Na yeye aliyekuahidi akageuka, tunamwitaje?"

"Bosi."

Mkono wa mtunza stoo ulibaki kwenye mkanda mpaka basi la saa sita likapita, na siku hiyo aliuchukia mkono wake kuliko alivyomchukia bosi.

Mjukuu alizaliwa jioni, msichana. Alimsikia akilia kwenye simu.

"Nisamehe, mwanangu."

"Si kitu, mama. Nimezoea."

Ijumaa bosi alimletea kitoroli cha chuma cha kubebea funguo. Mafundi walipiga makofi, na kusema kweli kilikuwa kitoroli kizuri. Bosi akamshika bega, akalitamka neno lake. Gurudumu moja likapinda.

"Tutabadilisha," alisema bosi, na mashine zikawashwa.

Mama akakisukuma kitoroli kwenda stoo, kwa sababu mafundi walikuwa wanasubiri vifungo.