Boti ya Thelathini na Moja

"Kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa."

Mzee Brashi aliliacha tone la ishirini lining'inie kidogo mdomoni mwa chupa, kisha akaliruhusu lidondoke kwenye kopo la rezini, gundi ya kujengea boti. Jua lilikuwa bado halijavuka ukuta wa jirani. Likishavuka, matone kumi na tano yanatosha, na ukikaidi ukatia ishirini, rezini inachemka yenyewe, inatoa moshi na kugeuka jiwe kabla hujachovya brashi. Chupa ya dawa ya kugandisha haikuwa na maelezo hayo. Ilikuwa chupa ya dawa ya kikohozi. Muuza vifaa alimpimia humo kwa sababu bei ya chupa nzima ilikuwa imepanda mara mbili ndani ya mwezi, na alipoulizwa kulikoni, alinyoosha kidole juu, utadhani bei hunyesha.

"Nishike wapi, Baba?" binti yake aliuliza.

"Hapo kwenye pembe. Ukivute kitambaa, kisije kikajikunja."

Binti akakivuta kitambaa cha faiba, mzee akakinywesha rezini kwa brashi. Kilikuwa kiraka cha mwisho. Boti ilijaza ua wote, meta sita na robo, imekalishwa juu ya matairi manne, pua yake imelisogelea dirisha la jikoni kiasi kwamba kulifungua ilibidi uombe radhi. Kwa miezi minane walikuwa wamefua, wamekula na wamegombana wakiizunguka. Mama jirani, aliyeanza kwa kulalamikia vumbi la msasa, siku hizi aliuliza tu akichungulia juu ya ukuta, "Mgonjwa ameamkaje?"

Leo mgonjwa alikuwa anasubiri daktari wake, naye ni mkaguzi wa vyombo vya majini. Aliahidi kufika saa tatu. Akiipitisha boti, mume wa binti, ambaye tangu waoane anavulia boti za watu, angeingia majini na yake Jumatatu. Na binti mwenyewe angeacha kusimama na beseni lake kila alfajiri mbele ya wenye boti, akicheka vichekesho visivyochekesha ili wakumbuke kumuuzia samaki.

"Ile karatasi umeipaka rangi?" aliuliza.

Mzee alichovya brashi tena. "Niliingia huko jana."

"Sijakuuliza kama uliingia."

"Shika vizuri, mwanangu. Rezini haisubiri mahojiano."

Binti alishika. Alimjua baba yake: akianza kujibu pembeni, ujue kuna jambo.

Watu wa mtaa walidhani mzee aliitwa Brashi kwa sababu ya masharubu yake. Jina lilikuwa la kiwandani. Kwa miaka kumi na tisa alifanya kazi kwenye kiwanda cha boti, jengo ambalo sasa ni ghala la viti vya plastiki, na kila kikosi cha pale kilikuwa na watu wanne. Mmoja alikata vitambaa, wa pili alichanganya rezini, wa tatu alipaka, wa nne alipitisha rola kutoa mapovu ya hewa. Hakuna aliyemwita mwenzake jina lake. Walikuwa Mkasi, Ndoo, Brashi na Rola, na Mkasi alikuwa msichana mwembamba aliyekata faiba bila kupima, akainyanyua, ikaenea kwenye kalibu ya kuumbia boti kama imeshonwa. Brashi alipaka rezini miezi sita akitafuta la kumwambia. Mwishowe alimwambia, "Leo umekata vizuri." Mkasi akamjibu, "Jana nilikata vibaya?" Basi wakaoana.

Alizipenda siku zile, na hakuona haya kusema. Alipenda hata ile harufu kali iliyowafuata nyumbani, iliyokaa kwenye mito na kwenye mkate. Ndiyo harufu hiyohiyo iliyoingia kifuani mwa Mkasi. Kiwanda kilipofungwa, walipewa barua ya shukrani na jozi ya glavu kila mmoja, na Mkasi alipoanza kukohoa hapakuwa na mtu wa kupelekewa malalamiko. Ni mwaka wa tisa sasa tangu azikwe.

Boti aliiona kwenye uwanja wa ujenzi. Mafundi walikuwa wameijaza maji ya kuchanganyia saruji. Alisimama akiitazama pua yake, jinsi inavyoinuka kisha ikajirudi kidogo, akajua ni kalibu namba nne. Akaigonga kwa kifundo cha kidole, kama walivyofundishwa. Faiba nzima inaitika, inatoa mlio mkavu wa mlango unaobishwa. Iliyooza ndani hainung'uniki hata kidogo. Aliigonga kutoka omo hadi tezi, mafundi wakimcheka, na isipokuwa ubao wa nyuma pa kufungia injini, iliitika kila mahali. Siku hiyo aliacha baiskeli yake pale, akarudi na boti juu ya mkokoteni.

Karatasi aliikuta wiki mbili zilizopita, ndani kabisa, chini ya sitaha ndogo ya mbele, alipokuwa akikwangua rangi ya kijani ya mtu fulani. Faiba ikishakunywa rezini huonyesha kama kioo, na kila kikosi kilikuwa na mchezo wake wa kulaza kipande cha karatasi chini ya tabaka la mwisho, siku boti inapokamilika. Msimamizi akiona anakata posho, kwa hiyo ilifichwa asipopenda kuinama. Brashi alitambua mwandiko kabla hajayasoma maneno. Alikaa humo gizani, magoti yakimgusa kidevu, mpaka binti akaja kugonga ubavu wa boti kuuliza kama yu hai.

Alimwambia binti kuna karatasi yenye tarehe. Mengine aliyaweka, amwonyeshe siku boti itakapoelea. Na binti, ambaye alikuwa amesoma tangazo la ofisi ya vyombo, akasema neno moja tu: ipakwe rangi. Boti za faiba zilizozidi miaka ishirini na mitano hazipewi tena leseni.

Saa tatu ilipita, na saa tano ikapita. Kiraka kilikauka, kikapigwa msasa, kikapata rangi. Juu ya kigoda, kando ya brashi nyembamba, kulikuwa na kopo dogo la rangi nyekundu ambalo halijafunguliwa. Hilo lilikuwa la jina, na jina huandikwa mwisho.

Mkaguzi alifika saa nane na dakika zake, mtu wa makamo mwenye viatu vinavyombana, jalada kwapani. Alimwamkia mzee kwa heshima, akakataa chai, akakubali maji. Kisha akaizunguka boti mara moja, mikono nyuma. Hakuigonga.

"Kazi safi," alisema. "Sasa, mzee wangu, cheti cha kiwanda kiko wapi?"

"Kiwanda kimekufa. Cheti kilikwenda na mwenye boti wa kwanza."

"Na kile kibati cha namba?"

"Waling'oa wenye saruji."

Mkaguzi alipuliza pumzi. "Basi hapa nina tatizo. Boti isiyo na kiwanda tunaihesabu ya uchochoroni. Watu wanachanganya gundi na magunia, wanapaka rangi, inapasuka katikati ya maji na watu ndani. Siwezi kuweka saini yangu."

"Ya uchochoroni?" Mzee alisema.

"Baba," binti alionya.

"Hii? Igonge!"

"Kugonga hakumo kwenye fomu, mzee."

"Wewe igonge tu, uisikie."

"Mimi natumwa, baba yangu. Naandika ninachokiona." Mkaguzi alichomoa kisigino kimoja kwenye kiatu, akakipumzisha. Alionekana hapendi kuondoka hivihivi. "Hamna kitu chochote chenye kuonyesha imetoka kiwandani? Namba ya kalibu, muhuri, chochote? Mficha uchi hazai. Kama kipo, nionyeshe nikusaidie."

Binti alimtazama baba yake, akatikisa kichwa taratibu. Lakini mzee alikuwa ameshaambiwa uchochoroni. Neno hilo lilimgusa yeye, na lilimgusa Ndoo, na Rola, na zaidi ya wote lilimgusa mwanamke aliyekata faiba bila kupima.

"Una tochi?" aliuliza.

Mkaguzi aliwasha tochi ya simu, akapanda, akapiga magoti mbele ya sitaha na kuingiza kichwa. Rangi mpya nyeupe ilienea kila mahali humo ndani, ila palibaki dirisha dogo la ukubwa wa kiganja, limezungushiwa brashi kwa uangalifu mkubwa. Binti, aliyesimama nje ubavuni, alifumba macho.

Sauti ya mkaguzi ilitoka ndani ya boti ikiwa nzito kuliko yake. "Kalibu namba nne. Boti ya thelathini na moja. Tarehe tisa, mwezi wa tatu..." Akataja na mwaka. "Mkasi, Ndoo, Brashi, Rola." Akasogeza tochi, kisha akasoma lililobaki, polepole kwa kuwa herufi zilikuwa ndogo. "Na wa tumboni, maana naye amesimama kutwa."

Binti alifumbua macho. Hakuna aliyewahi kumwambia habari hiyo. Alizaliwa mwezi wa nne, mwaka uleule.

Mkaguzi alishuka, akajifuta magoti. Alikuwa akihesabu kimoyomoyo, na midomo ilimsaliti. "Hii ni ya kiwanda kweli, mzee. Sina ubishi. Nisamehe kwa lile neno." Akafungua jalada. "Lakini ina miaka ishirini na saba."

"Haya," binti alisema. "Mficha uchi hazai. Sasa ameonyesha, amezaa nini? Isipokuwa na karatasi, ni mwanaharamu. Ikiwa na karatasi, ni kikongwe. Mlitaka izaliwe lini?"

"Dada, sheria sikuitunga mimi."

"Na mimi nina miaka hiyohiyo. Niandike na mimi, nimezidi umri."

Mkaguzi alitoa kalamu. Alijaza fomu, akaacha juu ya tairi kipeperushi chenye picha ya boti mpya zinazotolewa kwa mkopo, kwa mwenye hati ya kiwanja na wadhamini wawili. Mzee alitia saini pale alipoonyeshwa. Alikuwa amejikaanga kwa mafuta yake mwenyewe, na alilijua hilo, na bado asingeweza kusimama akasikia neno lile hadi jioni.

"Kuna jambo moja," mkaguzi alisema, na safari hii aliona haya waziwazi. "Boti iliyokataliwa lazima ichorwe alama ya X, mbele, pande zote mbili. Ofisi haijaletewa rangi tangu mwezi wa kwanza. Naona hapo una nyekundu."

Wote watatu waliligeukia kopo juu ya kigoda.

"Ninayo," Mzee Brashi alisema. "Ni ya jina."

"Jina la nini tena, mzee? Boti imeshakataliwa."

"Imekataliwa kwenye karatasi yako. Rangi ni yangu."

"Ni kidogo tu. Mistari miwili."

"Nenda kaichukue ya serikali, mwanangu. Mimi sitakukimbia, na hii unaiona haina magurudumu."

Mkaguzi alimtazama, akatazama kopo, akafunga jalada. "Jumatatu," alisema. Aliaga kwa heshima ileile aliyoamkia nayo, akatoka akichechemea.

Juu ya ukuta mama jirani aliinua kichwa, akaona nyuso zao, akakishusha bila kuuliza hali ya mgonjwa. Binti alipanda botini, akaingia chini ya sitaha alipotoka mkaguzi, akakaa humo muda mrefu. Mzee alimsikia akivuta kamasi. Baadaye alisikia kifundo cha kidole kikigonga, mara moja, mara ya pili, na boti ikiitika kwa ule mlio mkavu wa mlango.

Alilibandua kopo kwa bisibisi, akakoroga, akachukua brashi nyembamba. Alikuwa amepima jina zamani kwa penseli, dogo, la kistaarabu, karibu na ukingo wa juu. Alivuta mistari ya M, herufi ya kwanza ya Mkasi.

Binti alitoka, macho mekundu, akasimama nyuma yake. Alitazama ile herufi, akatazama upana wa pua ya boti iliyobaki nyeupe.

"Futa hiyo," alisema. "Andika kubwa, Baba. Ijae yote, asipate pa kuchora."