Jina la Mama Ukutani

Binti yangu Watiri ndiye aliyeliona kwanza. "Mama, tazama! Wameandika jina langu!"

Nilikuwa nimemleta kwenye jumba la makumbusho la Nyeri tuone maonyesho ya mchezo wa kuigiza wa ndugu yangu, Kingori. Ni mchezo uliojaza kumbi kutoka Embu hadi Nanyuki, na mwaka huo wa 1977 ulipewa chumba kizima.

Nikasoma alipoonyesha. "Msaliti katika mchezo huu ni Watiri wa Endarasha, mama mzazi wa mwandishi." Juu yake, picha ya mama yetu, ambaye binti yangu alipewa jina lake kama ilivyo desturi.

"Mama, msaliti ni nini?"

Nikamshika mkono.

Jukwaani, mwanamke yule ana jina lingine, lakini kisa ni cha mama kweli. Wakati wa Hali ya Hatari, askari wa mkoloni walimkamata Kingori akiwa mtoto, na mama akawaonyesha walipojificha wapiganaji wa Mau Mau ili wamwachilie. Mume wa jirani yetu Kagure aliuawa huko. Mama alituambia sisi wawili tu, tukiwa watu wazima, tukaahidi kunyamaza. Na Jumamosi hiyo akina mama wa kanisa la Endarasha, Kagure akiwa mmoja wao, walikuwa wanakuja kuona maonyesho.

Kingori alikuwa mlangoni akisalimia wageni. Nikamvuta kando.

"Toa ile kitu ukutani."

"Dada, hiyo ni historia. Watu wanataka ukweli."

"Ukweli gani? Mbona hukuandika ni nani aliyeokolewa?"

"Ati unanifokea mbele ya wageni? Tulia. Mama hata hajui kusoma."

"Kagure anajua."

Alinyoosha tai yake akaenda kupigwa picha.

Nilirudi nikajaribu kuing'oa ile picha. Ilikuwa imefungwa kwa skrubu, na mlinzi akanitoa nje kama mwizi.

Basi nikaenda moja kwa moja Endarasha. Nilimkuta mama akipiga pasi gauni lake la kanisani.

"Jumamosi huendi Nyeri, mama."

"Nisiende kwa nini? Kingori ameniambia atanikalisha mbele kabisa kwenye hafla. Hata Kagure nimemwekea nafasi kando yangu."

Nikamtuma binti yangu nje akachote maji. Nikafunga mlango, nikamwambia alichofanya mwanawe.