Mgongo wa Mama Mkwe

Kazi yangu ni kuchoma watu ganzi ya mgongo, na kwa majigambo yangu, hospitali nzima hakuna mwenye mkono mwepesi kama mimi. Nimejisifu hivyo hata mezani kwa wakwe. Mama mkwe alipovunjika kifundo cha mguu, angeitwa nani mwingine?

Kifua chake kilikuwa kibovu, kwa hiyo kumlaza usingizi mzito ilikuwa hatari. Ilibidi ganzi, na ganzi inataka mtu atulie. Alikaa ukingoni mwa kitanda amekumbatia mto, muuguzi amemshika mabega. Pamba ya spiriti ilipomgusa tu, akaruka.

"Baba Pacha, unaniua."

"Ni pamba, mama."

"Pamba gani ina baridi hivyo?"

Nikaanza maneno yangu matamu ya kila siku: vuta pumzi, fikiria mahali pazuri. Akazidi kukakamaa. Jasho likanitoka mimi, bingwa wa mkono mwepesi. Ndipo nikakumbuka mada inayomfanya asahau hata sufuria inayoungua jikoni.

"Mama, hebu niambie ukweli. Kwa nini hukutaka nimuoe mwanao?"

Mabega yakashuka papo hapo. "Nianzie wapi?" Akainamisha kidevu kifuani mwenyewe, akajiweka sawa.

Alianza na uvivu wangu. Nikapitisha kile kisindano chembamba cha kutia ngozi ganzi, dawa ikaingia polepole. Nikasubiri ikolee, akahamia kwenye ubahili, kisha kwenye paa nililoliezeka mwenyewe kwa ubishi likavujia kitanda chake. Muuguzi alijiuma midomo asicheke. Nikaingiza sindano ndefu. Nilikuwa naitwa "mdomo mwingi, kazi sifuri" wakati maji ya uti wa mgongo yalipochungulia, safi kabisa. Nikasukuma dawa.

"Tayari, mama."

"Tayari nini?"

"Nimeshachoma."

Tukamlaza. Miguu ikaanza kumpotea, mpasuaji akavaa glavu, na hofu ikamrudia machoni. Niliumia kumwona vile, pamoja na masimango yote. Nikasogea nyuma ya kichwa chake, nikidhani ameuchoka uso wangu.

Akapapasa mpaka akaupata mkono wangu.

"Rudi hapa nikuone, Baba Pacha. Sijafika hata nusu."

Nikavuta kiti. Alinisema hadi mshono wa mwisho, na mkono hakuuachia.