Inatikisa Tangu Lini?

Yule mama aliteremka kwenye kiti cha nyuma hata kabla pikipiki haijasimama sawasawa, mkoba kaukumbatia kifuani.

"Mimi dude hili sipandi tena mpaka fundi aliangalie," akamwambia mwanawe. "Usukani unatetemeka kama una homa! Mwenzio huku nyuma nilishaanza kuwaaga watoto."

Mwanawe akacheka kicheko cha kuzuga. "Mama nawe kwa woga! Ni mashimo ya barabarani tu."

Fundi alikuwa amechuchumaa nyuma ya injini iliyofunguliwa, ovaroli imeiva kwa grisi, kofia imemshuka mpaka kwenye nyusi. Aliposikia ile sauti ya kiume, spana ilimponyoka mkononi. Lo! Gereji zimejaa barabara nzima, na aliyekuwa mume wake amekuja kuegesha mlangoni kwake yeye, tena na pikipiki ile ile, tena na mama yake mzazi juu.

Hakuwa na hofu, hata. Alikuwa na furaha, ile furaha mbaya.

Na alikuwa na haki nayo, msikie kwanza. Bwana huyu alimpakia nyuma ya pikipiki hiyo akiwa na mimba yao ya kwanza, tumbo limeshaanza kuonekana. Kwenye mteremko usukani ukaanza kucheza, ukacheza, ukawashinda, na mke akarushwa. Nyonga ikavunjika, mimba ikaharibika. Mume? Hata mchubuko! Ndugu wakakaa kikao, na mwanaume mzima akasimama bila haya akasema, "Alikuwa anajitingisha huko nyuma. Nilimwambia atulie, hakusikia." Ikawa ndiyo hivyo. Mavyaa akatangaza kwamba mkamwana wake ni muuaji, kamuulia mjukuu. Talaka ikafuata mbio mbio.

Mwanamke akachechemea mpaka kwa mjomba wake, mwenye gereji, akasema, "Mjomba, nifundishe kazi." Mjomba akadhani mtoto anatafuta riziki. Wapi! Mtoto alitaka kujua ni kitu gani kilimrusha. Alipojua, akakaa nacho rohoni, kwa sababu nani angemsikiliza? Mjomba alipozeeka akamwachia gereji.

Basi akasimama, akavua kofia. "Karibuni."

"Ala!" Mama akarudi nyuma hatua. "Ni wewe?"

"Ni mimi. Shikamoo, mama."

Ile shikamoo haikuitikiwa. Mwanaume akashika usukani haraka. "Mama, panda twende. Kuna fundi mwingine pale mbele."

"Panda peke yako," mama akamjibu. Hakumtazama yule mwanamke usoni, lakini miguu yake aliitia nanga pale pale. "Fundi ni fundi. Aangalie tu."

Fundi akaisimamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, akasukumia sanduku la mbao chini ya injini mpaka gurudumu la mbele likaning'inia. Alishajua ugonjwa tangu iingie, kwa jinsi usukani ulivyogonga ilipovuka kizingiti. Lakini hakuwa na haraka, kwa nini awe nayo? Akabonyeza tairi, upepo upo. Akalizungusha gurudumu, likaenda limenyooka. Akagonga spoku kwa spana, moja baada ya nyingine, zote zikaimba vizuri.

"Mama, sogea," akasema. "Weka mkono hapa kwenye shingo, chini ya usukani."

Mama akasita, kisha akaweka. Fundi akashika shokapu zote mbili za gurudumu la mbele kwa chini, akazivuta mbele, akazisukuma nyuma.

"Inagonga!" mama akashtuka. "Kuna kitu kinagonga ndani."

"Sasa geuza usukani, polepole."

Mama akageuza. Usukani ukaenda, ukafika katikati, ukanasa. "Mbona inakataa hapa?"

"Umeuliza swali zuri."

Akafuta mikono, akamgeukia yule mwanaume. Alikuwa anajua vizuri kabisa kwamba ni beringi za shingo. Gololi, vile vipira vya chuma vya ndani, zikishachimba vishimo kwenye vikombe vyake, usukani hunasa katikati, na ukimpakia mtu nyuma, mbele kunakuwa kwepesi na mtetemeko unaanza. Fremu ilikuwa nzima kabisa. Lakini alichosema ni hiki, kwa sauti ya daktari mwenye habari mbaya:

"Inategemea imeanza lini. Kama imeanza juzi juzi, basi fremu imepinda. Hiyo haiponi, kauze vyuma chakavu. Kama ni ya zamani, ni beringi, na inapona leo leo."

Uongo mtupu! Na jamaa akauingia mzima mzima.

"Ya zamani!" akadakia. "Ya zamani sana hiyo, fundi! Inatikisa tangu miaka ile. Kila ikilegea nilikuwa naikaza mwenyewe ile nati ya juu, kwa patasi na nyundo. Wala sijaanza juzi. Hata kabla hujaanguka wewe ilikuwa..."

Akauma ulimi. Amechelewa, baba!

Mama mkono wake ulikuwa bado uko kwenye shingo ya pikipiki, akauondoa taratibu.

"Ilikuwa inatikisa," akasema. "Ulijua, na ukampakia na tumbo lake?"

"Mama, nilishaikaza asubuhi ile, nilidhani..."

"Ulijua! Ukaja ukaniambia anajitingisha?"

Mwanaume akajipangusa uso kwa mkono wa shati. Fundi alimtazama jasho linavyomtiririka na kila tone lilimpoza. Aliona tamu, acha aone tamu.

Mama akamgeukia fundi, mikono yote miwili kainyoosha. "Mwanangu, nisamehe."

"Hapana," fundi akasema. Mikono ile hakuipokea. "Mimi si mwanao, mimi ni muuaji, uliniita hivyo mbele ya ukoo mzima. Hapa gerejini tupo watatu tu. Unataka kuniomba radhi huku mafichoni, halafu huko kwenu nibaki muuaji? Itisheni kikao. Wale wale waliokuja, waje. Aseme mwenyewe, kwa mdomo wake."

"Na pikipiki yangu?" mwanaume akauliza. Hata hapo, jamani!

"Nitaifunga beringi mpya, itanyooka kabisa, kazi yangu siichezei. Lakini itatoka hapa siku ukishasema."

"Huwezi kunizuilia mali yangu!"

"Nyamaza wewe!" mama akamkatia. Alikuwa ameshatoa simu mkobani. "Haloo, shemeji. Waite watu wote waliokuja kile kikao cha mkamwana. Wote, asikose mtu... Hapana, hajafa mtu mpya. Ni yule yule mjukuu wangu. Nimemjua aliyemuua."

Mwanaume akakaa chini, kwenye grisi, na suruali yake safi.

Fundi machozi yalikuwa yanamtoka, na aliyaacha yatoke. Akainama, akaanza kufungua gurudumu la mbele.

"Panga maneno yako vizuri," akamwambia bila kuinua kichwa. "Kile kikao cha kwanza mlikikaa mimi nikiwa hospitali, nimefungwa plasta mpaka kiunoni. Safari hii nitakuwepo."