Magome ya Nyumba ya Mwantumu

Asubuhi hiyo Mwantumu alipotaka kutundika kitambaa chake cha kunawia, hakuuona msumari. Nguzo ya chumbani ilikuwa imeumeza. Gome jipya, la rangi ya udongo mbichi, lilikuwa limeufunika usiku, na shibiri moja juu yake palikuwa na kitawi chenye majani mawili. Akatundika kitambaa kwenye kitawi, akaenda kukoka moto.

Alikuwa kizuka. Mumewe, Shaabani, alikuwa amezikwa mwezi uliopita, na mpaka eda yake iishe hakuruhusiwa kuvuka kizingiti, kujipamba, wala kuonana na mwanamume asiye maharimu wake. Alivaa shuka nyeupe, akakaa ndani, akapokea kila alicholetewa.

Shaabani aliuawa na mkoko. Serikali ya Kiingereza ilikuwa imeipa kampuni moja leseni ya mikoko yote ya mto wa Kitoni, kuanzia mdomoni hadi pale maji yanapoanza kuwa matamu. Kampuni haikutaka miti. Ilitaka magome, ya kupeleka Ulaya kutengenezea ngozi za viatu. Wanaume wa Kitoni waliambua miti ikiwa imesimama, nayo ikafa ikiwa imesimama, mweupe mmoja baada ya mwingine, kama watu waliovuliwa nguo wakasahauliwa. Mmoja ukamwangukia Shaabani. Msimamizi akaja, akatazama, akaona upande wa juu bado una gome. Gome likaambuliwa kwanza. Kisha mti ukainuliwa na Shaabani akatolewa.

Kila mtu wa visiwa vya mto huo anajua kwamba mkoko ukikatwa hauchipui. Nguzo za Mwantumu zilikuwa zimekatwa miaka mingi nyuma, Shaabani alipokuwa anataka kuoa, na zilikuwa kavu kama mifupa. Hata hivyo zilichipua. Kwanza ya chumbani, kisha za ukumbini, kisha zile zilizobeba paa. Mizizi ikashuka kutoka viunoni mwa nguzo, ikainama kama magoti, ikaingia sakafuni. Maji yakaifuata. Maji yakijaa yaliingia kwa mlango wa uani, yakizunguka mafiga, na yakipwa yalitoka kwa mlango huohuo.

Jirani yake Mwajabu alipokuja na uji aliinua kanga yake, akaketi kitandani, akatazama juu.

"Mikoko ya nje imekwisha," alisema. "Ulitaka iende wapi?"

Mwantumu akasema hata yeye aliwaza hivyo.

Uduvi walikuwa wamehama mto tangu miti ianze kufa. Hapakuwa na kivuli wala mizizi ya kujificha. Sasa wakawa chini ya kitanda cha Mwantumu. Wanawake wakaja na kanga zao, wawiliwawili, wakawavua kwa kuzitanda humo chumbani, wakamwachia fungu lake na kumwombea marehemu. Kaa wakakaa kwenye viatu vya Shaabani. Watoto waliokuwa wakila ugali wa mtama na chumvi wakaanza tena kula kitoweo, na nusu ya Kitoni ililishwa na nyumba ya mjane ambaye mwenyewe hakuweza kutoka kwenda kuomba moto.

Ndipo Bwana Misitu akaja. Alikuwa Mwingereza mwenye sauti ya chini, na pamoja naye alikuwapo Kibwana, askari wa misitu kutoka Mkongo, aliyekuwa akitafsiri. Hawakuingia. Walisimama uani, na Mwantumu akawajibu kutoka nyuma ya ukuta. Barazani alikuwapo shemeji yake Mshamu, mdogo wa Shaabani, ambaye naye alikuwa mwambua magome kwa sababu Kitoni hapakuwa na kazi nyingine tena. Mpunga ulikuwa umeungua kwa chumvi tangu msitu ulioizuia bahari uishe.

"Bwana anasema mkoko hai unaofikiwa na maji ya bahari ni msitu wa Serikali," Kibwana alisema. "Anasema hapa si nyumba tena. Ni msitu wenye mlango. Anasema uhame."

"Na uduvi niliokula jana nao ni wa Serikali, mwanangu?" Mwajabu aliuliza kutoka jikoni. "Utapitia wapi kuwatoa?"

"Mimi natafsiri tu, bibi."

"Tafsiri na hilo."

Kibwana hakulitafsiri. Mshamu akauliza, kama msitu ni wa Serikali, mbona ule wa mtoni umeachwa ukauawa mbele ya macho yake. Hilo lilitafsiriwa. Jibu likawa kwamba ule una leseni.

Mwantumu alingoja mpaka wanaume waliponyamaza.

"Mwambie bwana wako nimefungwa na Mungu kabla hajanifunga yeye. Sitoki."

Bwana Misitu alieleza kwamba Serikali ya Kiingereza haiingilii dini ya mtu yeyote, na alionekana kufurahi kulisema hilo. Mama atabaki mpaka eda yake iishe. Magome ndiyo hayangeweza kungoja, kwa kuwa leseni inataja mikoko yote ya mto wa Kitoni, na mikoko hii imo katika mto wa Kitoni. Nguzo za nje zitaambuliwa kutoka nje. Za ndani zitaambuliwa mama akiwa amehamishiwa pembe nyingine, nyuma ya pazia, ili heshima yake isivunjwe.

Waambuaji walikuja baada ya bamvua, yale maji makuu, kupita. Walikuwa wanaume wa Kitoni, wote wamekwisha kula uduvi wa nyumba ile. Walipiga hodi. Walianza na nguzo za baraza, wakapanda za paa, na Mwantumu aliyasikia mapanga yakizunguka kichwa chake. Kisha wakaingia. Mwajabu alishika shuka, akamhamisha kizuka kutoka pembe hadi pembe, naye alihama na mto wake wa kulalia mkononi.

Ikabaki nguzo ya chumbani. Aliyeingia kuiambua alikuwa Mshamu. Alisimama mbele yake, panga likining'inia.

"Shemeji," alisema.

"Naam, shemeji," Mwantumu alijibu nyuma ya shuka.

"Bwana amesema zote."

"Nimesikia. Panga lako kali?"

"Kali."

"Basi usiiparue. Iambue vizuri, kama ulivyofunzwa na kaka yako."

Akaiambua vizuri. Maji mekundu yakashuka, yakachanganyika na ya bahari, yakapanda kwenye shuka ya Mwantumu mpaka magotini. Akaletewa nyingine, nayo ikawa nyekundu. Mwalimu wa chuo akaulizwa, kwa maana kizuka havai nguo ya rangi. Akasema rangi asiyoitaka mtu si pambo. Mwantumu akamalizia eda yake akiwa mwekundu.

Magome ya nyumba yakafungwa matita, yakapakiwa kwenye tishari la kampuni pamoja na mengine. Majani yakapukutika, yakaelea ndani ya chungu. Uduvi wakaondoka usiku mmoja. Maji peke yake hayakuondoka. Yalikuwa yamekwisha kuijua njia, na hapakuwa na mti wa kuyarudisha. Siku ya kumtoa kizuka, wanawake walimwogesha wakiwa wamesimama kwenye maji ya chumvi, wakamvika kanga mpya, wakamvusha kizingiti kilichokwisha kuoza.

Akaenda kwa ndugu yake Bwanaheri, kijiji cha Mbwera. Leseni ya mto wa huko ilikuwa imekwisha kutolewa, na nguzo za huko zilikuwa zimeanza kuchipua. Alfajiri wifi yake Johari alimwamsha kabla ya maji ya kunawia. Nje, katika kila ua, wanawake walikuwa wakizunguka nyumba zao kimya, wakikwanyua machipukizi kwenye nguzo na kuyatia katika mikunjo ya kanga. Kibwana alikuwa akipita kukagua nguzo jua likichomoza, na nyumba ambayo haijawa msitu ilikuwa bado ya mwenyewe.

Johari akamwonyesha nguzo zake, tatu, za upande wa jikoni.

"Yanatoka mepesi," alimwambia, "kama hayajapata jani la tatu. Likishapata la tatu, linatoa damu."

Mwantumu akainama, akaanza na chipukizi la chini.